Shilamu ya Kiko: Ebonaiti, Akriliki, Kaharabu na Mpingo Baada ya Miaka Mitatu Mdomoni

Anayenunua kiko kwa mara ya kwanza hutazama bakuli. Huligeuzageuza mkononi, hutafuta mistari ya mti, huuliza kama ni mzizi halisi wa braia, mti unaotengenezewa viko, na akisharidhika hulipa na kuondoka bila kukitia kiko chenyewe mdomoni hata mara moja. Nami nilifanya hivyohivyo, ingawa kazi iliyonilisha maisha yangu yote ilikuwa ni kutengeneza vitu vya kukaa mdomoni. Nilikuwa fundi sanifu wa meno. Nimechonga, nimepika na nimeng'arisha meno ya bandia ya watu wa Tanga kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuhesabu, na ilinipasa kujua mapema kwamba mdomo hauna haja na kitu kizuri cha kutazama. Bakuli hushikwa na mkono. Kinachoshikwa na meno, midomo na ulimi kwa nusu saa nzima ni ile sehemu ya nyuma, ambayo wavutaji wengi wa siku hizi hawaijui hata jina.

Jina lipo, tena la zamani. Kiko cha pwani cha enzi za mababu, kile cha kifuu cha nazi chenye maji ndani, kilikuwa na jina kwa kila kiungo: bori ni pale panapokaa tumbaku na moto, digali ni mwanzi unaoushusha moshi kutoka kwenye bori hadi majini, na shilamu ni mwanzi unaoutoa moshi kifuuni na kuufikisha kinywani. Hata ile sauti ya maji yanapobubujika mvutaji akivuta ilikuwa na jina lake, malio. Kiko cha kizungu hakina maji wala digali, lakini kipande chake cha nyuma hufanya kazi ileile ya shilamu, na kwa hiyo ndivyo nitakavyokiita katika tathmini hii.

Shilamu ninazozieleza nimezitumia mwenyewe katika miaka mitatu iliyopita, isipokuwa ile ya kaharabu ambayo niliazimwa kwa wiki mbili. Niseme pia, kwa kuwa nimetazama fizi na kaakaa za watu kwa miaka mingi, kwamba moshi wa kiko usiomezwa hauachi kudhuru. Saratani ya kinywa haisubiri moshi ufike mapafuni. Asiyevuta asianze kwa sababu ya maandishi haya. Ninawaandikia ambao tayari wana kiko mkononi na wanajiuliza kwa nini kinawachosha taya.

Nianze na kiko cha babu yangu, ambacho kinaitwa Kiko. Sifanyi mzaha. Kampuni iliyoitwa Tanganyika Meerschaum Corporation, iliyokuwa Arusha, ililichukua neno letu la Kiswahili ikalifanya chapa, ikaliwekea alama ya tembo, na ikauza viko vyake hadi ng'ambo. Malighafi yake ilikuwa mershaumu, jiwe jeupe jepesi lenye vinyweleo ambalo Wajerumani waliliita povu la bahari, na lililochimbwa katika bonde la Amboseli, upande wetu wa mpaka, huko Sinya. Jiwe hilo ni zito na gumu zaidi kuliko lile maarufu la Eskişehir nchini Uturuki, kwa hiyo lilitumika sana kama bitana ya ndani ya bakuli la mti. Cha babu ni cha namna hiyo, na kwa nje kimevishwa ngozi. Shilamu yake ni ya ebonaiti, yaani mpira mgumu.

Babu alipofariki, kiko kilibaki juu ya ukingo wa dirisha la sebuleni kwa miaka, kikipigwa na jua la asubuhi, na hakuna aliyekigusa kwa heshima yake. Heshima hiyo ndiyo iliyoiharibu shilamu. Nilipokichukua, ule weusi wa kung'aa nilioukumbuka tangu utotoni ulikuwa umegeuka rangi ya jani kavu la mgomba, na pembeni palikuwa na ukijanikijani usiopendeza. Niliilamba kidogo. Ilikuwa chungu, na harufu yake ilikuwa ya kiberiti, na hapa lugha yetu inasema kweli kuliko inavyodhani, kwa kuwa kiberiti ni njiti ya moto na ni salfa pia.

Ebonaiti ni mpira. Ni utomvu uleule wa mti wa mpira unaotengenezewa magurudumu, ila gurudumu hutiwa salfa asilimia chache tu, na ebonaiti hutiwa salfa nyingi, karibu theluthi ya mchanganyiko, kisha hupikwa kwa saa nyingi mpaka inakuwa ngumu kama pembe na nyeusi kama mpingo. Jina lenyewe lilitokana na neno la Kiingereza la mti wa mpingo, kwa maana waliouvumbua walitaka kuuiga. Charles Goodyear alipata hataza ya kupika mpira kwa salfa nchini Marekani mwaka 1844, na ndugu yake Nelson akapata ya mpira mgumu mwaka 1851. Tatizo ni kwamba salfa hiyo haitulii. Mwanga wa jua, hewa na unyevu huifanya ipande juu ya uso wa shilamu, na hapo ndipo rangi inapobadilika na uchungu unapokuja. Anayeishi pwani, kwenye joto na hewa ya chumvi, ataliona jambo hili upesi kuliko mtu wa Lushoto.

Kuisafisha kulinichukua jioni mbili, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu wengi huitupa shilamu ya namna hiyo wakidhani imeoza. Kwanza niliitoa kwenye kiko kikiwa baridi kabisa, kwa kuizungusha polepole upande mmoja tu; anayeivuta kiko kikiwa bado cha moto hujikuta ameshika shilamu mkono mmoja na kipande cha mti kilichopasuka mkono wa pili. Niliilaza katika maji ya sabuni usiku kucha. Asubuhi yake nilianza na msasa wa maji namba 400, nikapanda 600, kisha 1000, kisha 2000, kila mara nikilowesha, na kilichotoka kilikuwa uji wa kahawia ulionuka kama bomba la maji ya moto huko Amboni. Pale kwenye msasa wa 1000 weusi ulirudi ghafla, kama mtu aliyefungua macho. Nilimalizia kwa unga wa pumisi na gurudumu la pamba nililokuwa nikisugulia meno ya bandia, kwa mguso mwepesi, kwa kuwa gurudumu likikaa mahali pamoja ebonaiti hupata joto na kuanza kutoa moshi wake yenyewe.

Yalibaki mashimo ya meno. Juu yalikuwa mawili, chini moja, na kwa jicho la fundi niliyatambua mara moja: babu alikuwa amepungukiwa na jino la chini upande wa kushoto, na ndivyo shilamu ilivyoandika. Ebonaiti ina tabia moja ya ajabu, nayo ni kukumbuka umbo lake la kwanza. Ukiichovya katika maji yaliyotoka kuchemka, mahali palipobonyea hupanda penyewe. Niliichovya ncha kwa dakika mbili na mashimo yakapanda, mawili yakaisha kabisa na la tatu likabaki kama kovu. Ila sikuwa nimefikiri vizuri, kwani niliizamisha zaidi ya ilivyohitajika, na shilamu ya kiko kile ni ya kupinda. Nayo ilizaliwa imenyooka, ikapindwa kiwandani kwa moto. Ilipopata joto tena ilianza kunyooka mbele ya macho yangu, taratibu, kama mgonjwa anayejinyoosha kitandani. Ilinibidi nitie waya wa kusafishia katika njia ya moshi ili isijifunge, niipinde upya juu ya mgongo wa chupa ya soda, na kuikimbiza kwenye maji ya baridi ikiwa imeshikwa. Umbo lilirudi. Nilijuta kidogo kwa sababu ya yale meno ya babu, ambayo nilikuwa nimeyafuta kwa mkono wangu, lakini siwezi kusema kwamba mdomo wangu ulijuta.

Kwa maana hapo ndipo ubora wa ebonaiti ulipo. Inakubali jino. Si laini kama mpira wa kufutia, wala huibonyezi kwa kidole, lakini jino likitua juu yake halirudishwi. Linapata mahali pa kukaa, na taya inalegea. Kiko kinaweza kuning'inia mdomoni nikiwa nasoma gazeti, nisikumbuke kwamba kipo. Faida hiyohiyo ndiyo gharama yake, kwa sababu anayeng'ata kwa nguvu ataitoboa baada ya miaka, na anayekiacha kiko kwenye mwanga atairudia kazi ya msasa.

Hapa naomba ruhusa nitoke nje kidogo, kwa sababu ushindani wa ebonaiti na akriliki, ambayo ni plastiki ngumu, ulikwishapiganwa mara moja katika kazi yangu, ndani ya kinywa chenyewe. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, plati za meno ya bandia zilitengenezwa kwa mpira huohuo mgumu, ambao madaktari waliuita vulkanaiti. Kampuni ya Goodyear Dental Vulcanite ya Marekani iliwatoza madaktari wa meno ada ya leseni na kuwafikisha mahakamani waliokataa, mpaka mwaka 1879 mweka hazina wake, Josiah Bacon, akapigwa risasi na kufa huko San Francisco, na aliyempiga alikuwa daktari wa meno, Samuel Chalfant, ambaye kampuni hiyo ilikuwa imemwandama kwa muda mrefu. Baadaye, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1930, akriliki iliingia, ikaonekana ya rangi ya fizi na isiyonuka, na vulkanaiti ikafutika katika maabara zetu. Mimi nilipata kuishika plati moja tu ya vulkanaiti, ya bibi mmoja aliyekuwa hataki kabisa ibadilishwe. Alisema haimkwaruzi. Wakati ule nilimwona mbishi.

Akriliki, basi, naijua kwa jina lake na kwa harufu yake. Kiko changu cha pili ni cha Savinelli, watu wa Milano ambao duka lao la kwanza lilifunguliwa mwaka 1876, na shilamu yake ni ya akriliki nyeusi. Miaka mitatu ya Tanga haijaifanya lolote. Nimeiacha juu ya meza ya barazani, nimeisahau kwenye gari, nimeifuta kwa kitambaa nilichokuwa nimefutia miwani, nayo inang'aa kama siku niliyoitoa kwenye boksi. Haina ladha wala harufu. Mtu anayevuta mara moja kwa wiki na asiyetaka kuwa mtumishi wa kiko chake aache kusoma hapa na anunue akriliki, na sitamlaumu. Kuna watengenezaji mashuhuri walioichagua kwa sababu hiyohiyo. Castello wa Cantù nchini Italia, walioanza mwaka 1947, hujulikana kwa shilamu za akriliki hata kwenye viko vyao vya bei kubwa kabisa. Na kwa wapenda rangi, akriliki huja ya maziwa, ya asali, ya kijani yenye mawingu ndani, wakati ebonaiti, ukiiondoa ile yenye mistari ya wekundu na kahawia iitwayo Cumberland, kwa kawaida ni nyeusi tu.

Lakini ni ngumu, na ugumu huo husikika. Kila ninapokitia mdomoni jino la juu hugonga kwa mlio mdogo, tik, kama kijiko kwenye kikombe cha kauri, na kwa kuwa jino halitulii mahali pamoja hutafuta pengine, likateleza, na taya ikakaza ili kuzuia. Baada ya dakika ishirini misuli iliyo mbele ya sikio huanza kuuma. Nimewaonya wagonjwa wengi juu ya misuli hiyo. Mwenye meno ya bandia apate onyo la ziada: meno yale na plati yake kwa kawaida ni akriliki, na akriliki juu ya akriliki haishiki. Kuna vifuniko vidogo vya mpira vya kuvalisha kwenye ncha. Huondoa mlio na kuteleza, ingawa huongeza unene na kumfanya mzee wa heshima aonekane ananyonya chupa.

Kosa moja nililitenda mwenyewe na nalitaja ili lisirudiwe. Nilikuwa nimezoea kusafisha njia ya moshi ya shilamu ya babu kwa waya uliochovywa spiriti, na haikudhurika. Siku moja niliilaza shilamu ya akriliki, si ya Savinelli bali ya kiko cha tatu, ndani ya spiriti usiku mzima. Asubuhi ilikuwa imejaa nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, zote zikiwa ndani, hazisuguliki. Fundi wa meno wa miaka yote ile, na spiriti na akriliki nikazikutanisha kwa mkono wangu! Akriliki huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, basi.

Kiko hicho cha tatu, kwa haki, kilikuwa na ubaya wake kabla ya spiriti. Nilikiagiza mtandaoni kutoka duka moja la Ulaya ambalo sitalitaja, kwa picha nzuri na maneno mengi kuhusu akriliki iliyokatwa kwa mkono. Kilipofika kilipiga mluzi. Kila nikivuta, fiii, na mate yakakusanyika chini ya bakuli na kuchemka. Niliingiza waya wa kusafishia ukakwama katikati. Nilipoitazama njia ya moshi dhidi ya taa niliona kwamba tundu lililotobolewa kutoka mbele na mwanya uliochongwa kutoka nyuma havikukutana sawasawa. Palikuwa na ngazi ndani, na moshi ulikuwa unajikwaa hapo. Niliandika kulalamika, nikajibiwa kwamba kila kiko cha mkono kina upekee wake. Nilichukua kichonga chembamba cha kazi yangu ya zamani, nikailainisha ile ngazi kwa nusu saa, na mluzi ukakoma.

Nimelikaa jambo hili kwa sababu lilinifundisha kupima kabla ya kubishana kuhusu malighafi ya shilamu. Nilichukua kipimo changu cha chuma nikapima unene pale meno yanapokaa, mbele tu ya kituta kinachozuia kiko kisiteleze. Ya babu ilikuwa milimita 4 na nukta chache. Savinelli ilikaribia 5. Ile ya mluzi ilikuwa 6 kasoro. Tofauti ya milimita moja na nusu ni ndogo machoni, lakini mdomoni ni sawa na kulala na kipande cha muwa kati ya meno. Sehemu kubwa ya lawama inayopewa akriliki ni lawama ya unene. Iliyochongwa nyembamba, yenye mwanya mpana unaofunguka kama mdomo wa samaki na kingo zilizolainishwa, inavutika vizuri kuliko ebonaiti nene ya kiwandani. Ila ni kazi ngumu zaidi kwa fundi, kwa kuwa akriliki haipindi ikizidiwa, inamegeka, na ndiyo sababu viwanda huiacha nene ili isirudishwe na wateja. Mafundi wengi wanaotengeneza kiko kimoja kimoja, wa Denmark na wa Japani hasa, hubaki na ebonaiti, mara nyingi ile ya fimbo itokayo Ujerumani, kwa sababu inakubali tupa.

Umbo la ncha nalo lina neno. Charles Peterson wa Dublin, ambaye hataza yake ya kiko cha kukusanya majimaji ni ya mwaka 1890, alibuni mwaka 1898 ncha ambayo tundu lake halitoki nyuma bali juu, ili moshi uelekee kwenye kaakaa badala ya kuuchoma ulimi. Nimevuta kiko cha rafiki yangu chenye ncha hiyo mara tatu. Ulimi unapumzika kweli, lakini mimi nimezoea kuuziba mwanya kwa ncha ya ulimi ninapotaka kupunguza moto, na pale hakuna cha kuziba. Wengine huipenda mno.

Kaharabu sasa. Kwanza tusiichanganye na ambari, ambayo hutoka tumboni mwa nyangumi na huwekwa kwenye manukato. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe, na pwani yetu na Uarabuni watu wanaijua zaidi kwa tasbihi. Katika karne ya 19 kiko cha mershaumu cha Vienna hakikuhesabiwa kuwa kamili bila shilamu ya kaharabu ya Baltiki, na chenye umri huo ndicho alichonacho rafiki yangu mmoja wa Muscat, mwenye asili ya Unguja, aliyenikabidhi kwa wiki mbili kwa masharti kama ya kukabidhiwa mtoto mchanga. Sharti la kwanza lilikuwa nisiing'ate.

Sikuing'ata. Niliishika kwa midomo, mkono ukiwa umebeba bakuli muda wote, na lazima nikiri kwamba hakuna kitu nilichokitia mdomoni kilichokuwa kizuri namna ile. Akriliki ni baridi mwanzoni kama kioo. Kaharabu ina uvuguvugu tangu inapogusa, laini bila utelezi, na ikipitiwa na mwanga wa jioni unaweza kuiona njia ya moshi ndani yake ikitiwa weusi. Lakini ni kitu cha kukaa nacho kitini, bila mazungumzo, bila mbwa, bila wajukuu. Ikianguka sakafuni imekwisha. Viko vya Eskişehir vinavyouzwa leo kwa kawaida huja na akriliki yenye rangi ya kaharabu, jambo ambalo si kosa, mradi muuzaji aseme. Wa kuogopwa ni yule anayeuza sandarusi, utomvu wa umri mdogo zaidi uliochimbwa kwa wingi katika pwani hii na kusafirishwa kutoka Unguja kwa ajili ya vanishi, akiita kaharabu. Tone la spiriti hufichua, kwa kuwa sandarusi hunata chini ya kidole na kaharabu haijali.

Pembe la ng'ombe sitalizungumzia sana. Nilijaribu shilamu moja kwa miezi miwili. Ni tamu kwa jino, inakaribia ebonaiti, lakini mate hulifanya lichanuke matabaka kama ukucha uliolowa, na likianza halikomi. Plastiki ya viko vya gunzi la mahindi, vile vya Missouri, inastahili bei yake na si zaidi.

Mpingo ulikuwa wazo langu mwenyewe, na nililiona la kizalendo. Ikiwa ebonaiti ni mpingo wa kuiga, kwa nini mtu wa Tanzania asivute kwa mpingo halisi? Nilimpelekea fundi mmoja wa kereza kipande kikavu na shilamu ya babu kama mfano. Aliigeuza mkononi akasema, "Mzee wangu, nitakukatia, lakini hapa kwenye meno siwezi kufika wembamba huu. Mti una nyuzi, utaniachia." Alifika milimita 6, na alifanya kazi safi kuliko nilivyostahili. Ilipendeza sana. Wiki ya kwanza ilikuwa na ladha ya mti, wiki ya tatu ilikuwa na ladha ya lami, kwa sababu njia ya moshi ilikuwa inakunywa majimaji ambayo mpira na akriliki huyakataa, na wiki ya tano ulionekana ufa mwembamba kutoka kwenye mwanya kwenda mbele. Ndipo nilipokumbuka klarineti. Mwili wa klarineti nzuri hutengenezwa kwa mpingo, mwingi ukitoka kwetu kusini na Msumbiji, lakini kipande cha mdomoni, pale mpigaji anapoweka meno yake ya juu, kwa kawaida ni ebonaiti. Wapigaji wale wanaulipia mpingo wetu fedha nyingi, na bado meno yao hawauwekei.

Kwa hiyo mimi hubeba Savinelli ninaposafiri, na nyumbani huvuta kwa shilamu ya babu. Baada ya kuvuta naifuta kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya zeituni, naiingiza pamoja na kiko chake ndani ya soksi nyeusi ya pamba, na soksi naiweka kwenye droo ya chini ya kabati, mbali na dirisha. Ulimi wake, ile sehemu inayoingia kwenye kiko, ulikuwa umeanza kulegea kwenye tundu la mti baada ya kupashwa moto kule. Nta kidogo ya nyuki imeukaza. Tangu nilipoisugua, sasa mwaka wa tatu, haijapata hata doa la kahawia, na kwenye upande wake wa juu yameanza kuonekana mashimo mawili mapya, ambayo safari hii ni yangu.